Moto Ukizimika Ndipo Hatari Huanza: Namna Wanyama wa Porini Wanavyopona Moto na Joto Kali

Tangu moto mkubwa ulioiunguza Australia mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, kuna habari mbili zinazozunguka na kupingana. Ya kwanza inasema wanyama bilioni 3 waliteketea. Ya pili huambatana na picha za machipukizi mabichi kwenye magogo meusi, nayo inasema wanyama wameishi na moto tangu enzi na enzi, msitu utarudi wenyewe, hakuna haja ya kupiga kelele. Msomaji anabaki njia panda. Kama wanyama wameuzoea moto, mbona tunaambiwa wako hatarini kutoweka? Na kama wote waliungua, kangaruu wanaoonekana wakila majani miezi michache baadaye wametoka wapi?

Kila moja ya habari hizo ina ukweli ndani yake, na kila moja hupotosha ikiachwa peke yake. Wanyama wanaopona ndimi za moto ni wengi kuliko tunavyodhani. Kifo huwafuata zaidi katika majuma na miezi ya baadaye, pale wanapotoka mafichoni wakakuta hakuna chakula, hakuna kivuli wala kichaka cha kujibanza. Na spishi ikitoweka, mara nyingi si moto peke yake ulioimaliza. Moto huwa umeikuta imeshapungua, imebanwa mahali padogo, na umeikamilishia safari iliyoanza zamani.

Maneno yanayotuchanganya

Moto wa nyika ni moto unaowaka bila kudhibitiwa kwenye nyasi, vichaka au misitu. Neno hilo moja limebeba vitu vilivyo mbali sana. Moto wa nyasi hupita mbio, chini chini, na nyuma yake huacha mabaka ambayo hayakuguswa. Moto wa msitu uliokauka kwa ukame wa miaka hupanda mpaka vileleni mwa miti, hujitengenezea upepo wake na kurusha makaa mbali mbele yake. Mnyama aliyejifunza kuukwepa ule wa kwanza anaweza asiwe na ujanja wowote mbele ya huu wa pili. Mabishano mengi huanzia hapa: mmoja anazungumzia savana, mwenzake anazungumzia misitu ya mikaratusi, na wote wawili wanasema tu "moto".

Wanyama wa asili ni wale walioishi mahali fulani tangu kale bila kuletwa na binadamu. Koala, mnyama anayeishi mitini na kula majani, ni wa asili Australia; paka na mbweha mwekundu wa huko si wa asili, waliletwa na Wazungu kuanzia mwishoni mwa karne ya 18. Tofauti hiyo ni ya maisha na kifo, kama tutakavyoona.

Halafu kuna kutoweka. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ambalo hutunza Orodha Nyekundu ya spishi zilizo hatarini, hutenganisha kutoweka kabisa na kutoweka porini. Aliyetoweka kabisa hayupo tena popote duniani. Aliyetoweka porini bado yupo, lakini anaishi mikononi mwa watu tu, kwenye bustani za wanyama au vituo vya kuzalishia. Orodha hiyo ina zaidi ya spishi 46,000 zilizo hatarini kutoweka, na hizo ni katika zile zilizochunguzwa tu. Viumbe wengi bado hakuna aliyewachunguza.

Siku ya moto

Wengi hudhani kila mnyama akiona moto hukimbia kwa hofu mpaka aishiwe nguvu. Wapo wanaokimbia, lakini hata hao huwa na akili zao. Wanyama wakubwa wa savana mara nyingi husogea pembeni, hutafuta mahali ndimi zilipo fupi au zilipokatika, kisha hupenya kuingia upande uliokwisha kuungua. Huko hakuna tena cha kuwaka.

Wengine husikia moto kabla ya kuuona. Kule Côte d'Ivoire, katika hifadhi ya Comoé, kuna vyura wadogo wa matete ambao kiangazi hukaa wamebana kwenye majani makavu bila kusogea, wakitunza maji mwilini. Watafiti walipowachezea sauti iliyorekodiwa ya nyasi zinazoungua, bila moto wala moshi, vyura waliruka wakakimbilia mafichoni. Mvumo na mlio wa kupasukapasuka kwa nyasi ulikuwa ujumbe tosha.

Lakini kimbilio kubwa kuliko yote liko chini ya miguu. Udongo haupitishi joto haraka. Juu moto unaweza kuwa wa mamia ya nyuzijoto, na sentimita chache chini hali ikabaki ya kuvumilika, hasa moto unapopita upesi. Ndiyo maana mijusi, nyoka, panya, nge na mchwa wengi hawahitaji mbio. Wanahitaji tundu tu. Katika savana za Afrika mchimbaji mkuu ni muhanga. Mashimo anayoyaacha hukaliwa na ngiri, nungunungu, nyoka na viumbe wengine chungu nzima. Australia kazi hiyo hufanywa na wombati, mnyama mnene mwenye mfuko wa kubebea mtoto, ambaye handaki lake huwa refu na lenye milango kadhaa.

Hapa kuna hadithi ya kurekebisha. Mwaka 2020 ilienea sana habari kwamba wombati walikuwa wakiwakusanya wanyama wengine na kuwasukuma kwenye mashimo yao ili kuwaokoa. Haikuwa kweli. Wombati hamkaribishi mtu. Ila ana mashimo mengi na hayatumii yote kwa wakati mmoja, kwa hiyo wanyama wengine huingia wenyewe, hujificha humo, na baada ya moto huendelea kuzunguka kwenye milango hiyo hiyo kutafuta chakula na maji. Kwangu mimi ukweli huu unapendeza kuliko ile hadithi: mnyama mmoja anachimba kwa ajili yake mwenyewe, na mtaa mzima unapona.

Wapo pia wanaopona kwa kuzima miili yao. Ekidna ni mnyama wa miiba anayekula mchwa na sisimizi, na ingawa ni mamalia hutaga mayai. Hakimbii. Hujichimbia au huingia ndani ya gogo, moyo na pumzi zikapungua kasi, na joto la mwili likashuka. Mwili uliopoa hivyo hutumia chakula kidogo mno. Watafiti waliofuatilia ekidna magharibi mwa Australia waliona kwamba hata moto ulipokwisha, wanyama hao walibaki kwenye maeneo yao yale yale yaliyoungua, wakiendelea kuzima miili mara kwa mara na kutembea kidogo, kana kwamba wanasubiri njaa ipite. Antekino, mnyama mdogo mwenye umbo la panya na anayekula wadudu, hufanya vivyo hivyo. Kwake yeye harufu ya moshi na majivu tu huweza kumfanya azidishe usingizi huo mzito, maana kutoka nje wakati vichaka vyote vimeungua ni kujianika mbele ya bundi na mbweha.

Kisha wapo wanaoufuata moto. Mwewe na korongo hutembea na mstari wa moto wakiokota panzi, mijusi na panya wanaotimka. Kuna mbawakawa wa jenasi ya Melanophila ambaye ana viungo kifuani vinavyohisi joto la moto kutoka mbali. Huruka kuuelekea wakati wengine wanaukimbia, kwa sababu hutaga mayai kwenye mti uliotoka kuungua: mti huo hauwezi tena kujikinga na funza wake. Vigogota huja nyuma yake kula funza hao. Kwa viumbe hawa, kuuzuia moto kila mahali na kila wakati ni kuwafungia jiko.

Hesabu ya bilioni 3

Sasa turudi kwenye ile namba. Watafiti walioongozwa na Profesa Chris Dickman wa Chuo Kikuu cha Sydney, katika ripoti iliyotolewa na shirika la uhifadhi la WWF mwaka 2020, hawakuhesabu mizoga. Walichukua makadirio ya wanyama wangapi huishi katika kila kipande cha ardhi, wakayazidisha kwa ukubwa wa eneo lililoungua. Walipata karibu bilioni 3: wanyama watambaao bilioni 2.46, ndege milioni 180, mamalia milioni 143 na vyura milioni 51. Maneno yao yalikuwa kwamba hao ndio waliouawa au kuyakimbia makazi yao. Vichwa vya habari viliinyofoa sehemu ya pili.

Kwa upande mwingine, mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti za wanyama waliokuwa wamefungwa vifaa vya kufuatiliwa kabla ya moto kupita walipo. Kwa wastani moto wenyewe uliua karibu asilimia 3 tu. Asomaye hilo anaweza kushusha pumzi, lakini asiharakishe. Tafiti nyingi za aina hiyo hufanywa kwenye moto mdogo au wa wastani, hata ule unaowashwa kwa makusudi, kwa sababu hakuna awezaye kupanga kuwafunga wanyama vifaa kabla ya janga. Moto mkali ni habari nyingine. Huko Pantanal nchini Brazili, kwenye ardhi oevu kubwa kuliko zote za kitropiki, watafiti walitembea kwenye mistari iliyopimwa wakihesabu mizoga muda mfupi baada ya moto wa 2020, na wakakadiria kwamba wanyama wenye uti wa mgongo karibu milioni 17 walikufa papo hapo. Wengi walikuwa nyoka wadogo, na walikufa kwenye ardhi ambayo kwa kawaida huwa imefunikwa na maji.

Namba hizi tatu hazipigani. Moja inasema ni wangapi walikuwamo, nyingine ni wangapi hufa moto wa kawaida ukipita, ya tatu ni wangapi walianguka siku ile mahali pale. Kuzichanganya ndiko kulikotufikisha kwenye mabishano yasiyo na mwisho.

Majuma yanayofuata

Mnyama ametoka shimoni akiwa hai. Amekuta nini? Ardhi nyeusi isiyo na jani. Mbegu zimeungua, wadudu wamepungua, na yeye mwenyewe anaonekana kutoka mbali kama sisimizi juu ya shuka jeupe.

Wanaowinda wanalijua hilo. Katika ukanda wa Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, paka wa porini waliovishwa vifaa vya kufuatiliwa walionekana wakisafiri hadi kilomita 12.5 nje ya maeneo yao ya kawaida kwenda mahali palipoungua siku za karibuni. Walikwenda moja kwa moja, wakawinda huko, kisha wakarudi. Wanyama wadogo wa Australia hawakukua pamoja na paka. Hawana mazoea ya kumwogopa wala mbinu za kumkwepa. Kwa hiyo moto uliowaacha hai umewaweka wazi mbele ya mwindaji ambaye hawamjui. Nikiulizwa ni jambo gani moja ningependa kila mtu alielewe kuhusu moto na wanyama, ningetaja hili. Mnyama wa asili ana majibu ya moto. Hana jibu la moto ukiungana na paka.

Kitu cha pili ni njaa. Mwezi Januari 2020 serikali ya jimbo la New South Wales ilidondosha kutoka angani zaidi ya tani 2 za karoti na viazi vitamu kwenye mabonde yenye majabali. Chakula hicho kilikuwa cha walabi wa majabali, binamu wadogo wa kangaruu. Walabi hao walikuwa wameupona moto wakiwa kwenye mapango ya miamba, lakini majani yote waliyoyategemea yalikuwa majivu. Watu wengine waliona ni kichekesho kuwarushia wanyama karoti kwa helikopta. Wahifadhi walikuwa wanafanya jambo la busara: walijua ni wapi walionusurika wamejificha, na walijua kinachofuata ni nini.

Kitu cha tatu ni nyumba, na hiki hurudi polepole kuliko vyote. Australia haina vigogota wa kuchonga miti, hivyo tundu kwenye shina hutokea kwa kuoza na kuliwa na mchwa, na tundu kubwa linalofaa huweza kuchukua zaidi ya miaka 100 kupatikana. Zaidi ya spishi 300 za wanyama wenye uti wa mgongo wa nchi hiyo hutumia matundu ya aina hiyo kulala au kulea watoto. Machipukizi mabichi yanayopigwa picha miezi miwili baada ya moto ni ya kweli, na yanafurahisha macho, lakini kwa kasuku au posamu (mamalia wa mtini mwenye mfuko) anayehitaji mti wa bibi yake, hayo bado si msitu.

Joto lisilo na moto

Joto kali halina moshi wala kamera, na pengine ndiyo maana hatulizungumzii vya kutosha. Ili kuelewa namna linavyoua, fikiria mtungi wa udongo. Maji ndani yake hupoa kwa sababu kidogo hupenya nje na kukauka, na yakikauka huondoka na joto. Siku yenye unyevunyevu mwingi hewani mtungi haupozi vizuri. Na mtungi usipoongezwa maji, hupoza mpaka maji yakaisha. Mwili wa mnyama unaotweta, unaotoka jasho au unaolamba manyoya yake ni vivyo hivyo. Kila nafuu unayoipata inalipiwa kwa maji.

Kangaruu hulamba mikono yake ya mbele, mahali mishipa ya damu ilipo karibu na ngozi, mate yakikauka damu inapoa. Koala, ambaye watu hudhani anakumbatia mti kwa uvivu, siku ya joto hushuka kwenye matawi ya chini na kulaza tumbo kwenye shina lililo baridi kuliko hewa. Choroa wa jangwani hutumia njia ya kubana matumizi: badala ya kutoka jasho, huacha mwili wake upande joto mchana hadi viwango ambavyo vingemuua mtu, kisha huliachia usiku. Damu inayokwenda kwenye ubongo hupozwa kwanza katika mtandao wa mishipa midogo chini ya ubongo, kwa damu iliyopoa puani. Na kule Sahara, sisimizi wa rangi ya fedha hutoka kwenye kiota dakika chache tu, mchana kweupe, wakati mijusi inayowawinda imejificha. Nywele zao za pembetatu huakisi mwanga wa jua, na wanaweza kustahimili mwili wenye nyuzijoto zaidi ya 50.

Mtu akisoma hayo hufikia haraka kauli inayorudiwa sana: "watazoea". Hapana. Mbinu hizi zilijengwa na vizazi visivyohesabika, na kila moja ina kikomo. Popo wakubwa wanaokula matunda huko Australia hutuonyesha kikomo hicho waziwazi, kwa sababu hulala wakining'inia juani kwenye kambi za maelfu. Joto likipanda huanza kupunga mabawa kama kipepeo. Likizidi huhamia kivulini, halafu hutweta, hujipaka mate mwilini. Baadaye hushuka chini kwenye shina wakirundikana, wakitafuta ubaridi, na mrundikano wenyewe unazidisha joto. Kipimo kikivuka nyuzijoto 42, huanza kuanguka. Novemba 2018, karibu na mji wa Cairns, popo wa spishi iitwayo "popo wenye miwani" wapatao 23,000 walikufa kwa siku mbili. Hiyo ilikuwa karibu theluthi ya popo wote wa spishi hiyo nchini humo. Popo jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka.

Joto jingine huua bila kuacha mzoga. Mbwa mwitu wa Afrika huwinda asubuhi na jioni kukiwa na ubaridi. Utafiti uliofanyika Kenya, Botswana na Zimbabwe ulionyesha kwamba siku zikiwa za moto saa za kuwinda hupungua, na makundi yanayolea wakati wa joto kali hubaki na watoto wachache. Katika jangwa la Kalahari kuna ndege wanaokaa kwa familia, wenye rangi nyeupe na nyeusi, ambao siku ikivuka nyuzijoto 35.5 hutumia muda mwingi wakitweta, na hata wakitafuta chakula hawapati cha kutosha kurudisha uzito waliopoteza usiku. Hakuna anayeanguka. Wanakonda tu, siku baada ya siku, na vifaranga wanaopona hupungua. Kwa kasa ni tofauti zaidi: jinsia ya mtoto huamuliwa na joto la mchanga, na utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba karibu kasa wote wachanga waliotoka fukwe za kaskazini za Great Barrier Reef, miamba mikubwa ya matumbawe ya Australia, walikuwa majike. Bahari inaweza kuonekana imejaa kasa huku madume wakiisha.

Spishi hufikaje mwisho

Mnyama mmoja hufa kwa moto au joto. Spishi hufa kwa hesabu. Kuna mambo matatu ya kutazama: wamebaki wangapi, wamesambaa kiasi gani, na wanapata muda gani wa kuzaana kabla ya pigo linalofuata. Kangaruu wa kijivu wapo wengi na wamesambaa mno. Moto ukiunguza eneo moja, wengine hutoka upande wa pili. Danati wa Kisiwa cha Kangaroo, mla wadudu mdogo kuliko kiganja, huishi kisiwani humo tu, na moto wa 2019 na 2020 uliunguza karibu makazi yake yote. Walionusurika walijibanza kwenye vipande vichache vya vichaka, na paka nao walikuwa pale pale. Hatua iliyochukuliwa haraka ilikuwa kujenga uzio usiopitika na paka kuzunguka kipande kilichosalia.

Panya wa Bramble Cay hakupata bahati hiyo. Kisiwa chake, kati ya Australia na Papua New Guinea, kina ukubwa wa hekta chache tu na kiko chini sana. Maji ya bahari yalifurika mara kwa mara, mimea ikafa. Mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 2009, na serikali ya Australia ilitangaza rasmi kutoweka kwake Februari 2019. Anatajwa kuwa mamalia wa kwanza kumalizwa na mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu. Hakukuwa na moto hata kidogo.

Idadi ikishuka sana, hupotea hata vitu ambavyo hatukujua vinaweza kupotea. Kuna ndege wa asali huko Australia, mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wamebaki mia chache tu. Makinda madume hujifunza kuimba kwa kuwasikiliza wakubwa. Siku hizi baadhi yao wanakua bila kusikia dume mwingine, na watafiti wamewakuta wakiimba nyimbo za spishi nyingine. Dume wa namna hiyo ni nadra kumpata jike. Wahifadhi sasa huwachezea makinda wa kwenye vituo nyimbo zilizorekodiwa, ili watakapoachiwa wawe na cha kuimba.

Wengine huuliza: si tuwatunze kwenye bustani za wanyama tu? Inasaidia, lakini sikilizeni historia ya choroa wa Arabuni. Mwaka 1972 aliyebaki porini aliuawa. Wachache waliokuwa kwenye vituo walizalishwa, na 1982 wakarudishwa Oman. Mwaka 2011 IUCN ilimweka kwenye kundi lenye hatari ndogo zaidi, hatua tatu mbali na lile la waliotoweka porini alikokuwa zamani. Ushindi mkubwa. Ila kule Oman kwenyewe, kabla ya hapo, majangili walirejea na kundi lililorudishwa likasambaratika, na hifadhi yao ikaondolewa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2007. Chura wa Kihansi wa Tanzania naye alitangazwa kutoweka porini 2009, baada ya bwawa la umeme kupunguza manyunyu ya maporomoko aliyoyategemea. Alizalishwa Marekani, akarudishwa 2012, na bonde lake sasa linanyunyiziwa maji kwa mabomba. Kumrudisha mnyama bila kurudisha alichokikosa hakutoshi.

Kinachosaidia kweli

Moto mdogo unaowashwa kwa wakati wake ni kinga. Wenyeji wa asili wa Australia, kama Wamartu wa majangwa ya magharibi, kwa maelfu ya miaka walichoma vipande vidogo vidogo, hapa mwaka huu, pale mwaka ujao. Ardhi ikawa viraka: penye nyasi changa za kula pamekaribiana na penye kichaka kizee cha kujificha. Moto mkubwa ukija hukuta mahali pa kukatikia. Baadaye walipohamishwa na uchomaji huo ukakoma, majani makavu yalirundikana na moto wa kiangazi ukawa wa kufagia kila kitu.

Paka kuzuiwa, mashimo na magogo kuachwa mahali pake, miti yenye matundu kutokatwa baada ya moto kwa kisingizio cha kusafisha: haya hayavutii kamera, lakini ndiyo humtoa mnyama kwenye majuma mabaya. Kupunguza hewa ukaa inayoongeza joto duniani ni jambo la msingi, kwa sababu hakuna uzio unaozuia nyuzijoto 42.

Kuna jambo la mwisho, kwa kuwa video zake husambaa kila kiangazi. Koala mwenye kiu akiletewa chupa mdomoni, akiinuliwa kichwa na kumiminiwa maji, anaweza kuyavuta mapafuni na kufa kwa nimonia siku kadhaa baadaye. Yeye hupata maji yake mengi kwenye majani, na mvua ikinyesha hulamba yanayotiririka kwenye shina. Madaktari wa wanyama wanashauri kumwekea bakuli la maji chini, kusogea mbali, na kuwaita wanaojua kumtibu.